Jogoo Aliyedonoa kwa Mkia

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, Halmashauri ya Mtowezi ilijenga soko lenye vizimba arobaini. Ikatangaza: anayetaka kizimba aombe kwenye tovuti, na maombi yatafungwa Ijumaa saa sita mchana. Atakayekosa, asubiri mwaka.

Tovuti waliijenga mafundi wawili, Saumu na Mhando. Siku moja kabla ya uzinduzi, Mkurugenzi Shekigenda akaja kukagua. Akaona fremu ya buluu inayozunguka kila kisanduku unapokifikia kwa kibodi.

"Saumu, mistari hii ya nini? Mgeni rasmi atadhani kioo kimepasuka. Toa!"

Saumu alijua fremu ndiyo humwonyesha mtu wa kibodi alipofika, lakini akatoa.

Mkurugenzi akauona mshale wa kipanya.

"Na huu mshale? Kila mji una mshale. Nembo yetu sisi ni jogoo. Weka jogoo!"

Mhando akaweka jogoo, mdomo kulia, mkia kushoto. Akasahau jambo moja. Kompyuta haijui mdomo wala mkia. Usipoielekeza, inabonyezea pembe ya juu ya picha, kushoto. Na juu, kushoto, ndipo ulipokaa mkia.

Uzinduzi ukafana. Mgeni rasmi akapiga makofi, hakubonyeza kitu.

Sasa, mjini palikuwa na Bi Mwantumu, muuza achari. Kabla ya achari alikuwa mpiga chapa wa wilaya, miaka thelathini. Vidole vyake viliijua kibodi gizani, lakini kipanya hakuwahi kukipenda. Ijumaa saa tano akaketi kwenye kompyuta ya maktaba. Akaandika jina. Akaandika achari ya embe, ya ndimu, ya pilipili. Ikabaki kutuma.

Akabonyeza kibodi, akasogea. Amefika wapi? Hakuna fremu, haonekani. Akabonyeza tena, akasogea. Amefika wapi? Hakuna fremu, haonekani.

"Jamani, mbona napapasa kama umeme umekatika?"

Saa sita kasoro dakika mbili akakishika kipanya. Jogoo akatokea. Vitufe vilikuwa viwili, Futa kushoto na Tuma kulia, vimebanana. Akauweka mdomo juu ya Tuma. Mkia ukatua juu ya Futa. Akabonyeza.

Jina likaenda. Embe ikaenda, ndimu ikaenda, pilipili ikaenda. Saa sita ikagonga.

Bi Mwantumu akaenda kwa kamati ya soko, na kibodi ya maktaba kaibeba kwapani iwe shahidi. Kamati ikasikiliza, ikaamua: vizimba vimekwisha, lakini mwenye kosa, mmoja tu, atambebea mama huyu ndoo zake za achari kutoka nyumbani hadi nje ya soko, atakakouzia chini, kila asubuhi, mwaka mzima.

Saumu akasimama. "Fremu nilitoa mimi, kwa amri. Lakini hata bila fremu alikishika kipanya, akafika kwenye kitufe. Jogoo angedonoa kwa mdomo kama kuku wenzake, mama angekuwa na kizimba."

Mhando akasimama. "Mkia ni wangu, sikatai. Lakini Bi Mwantumu ni mtu wa kibodi. Fremu ingekuwepo, jogoo wangu angemgusa wapi?"

Mkurugenzi akasimama, akarekebisha tai. "Mimi si fundi. Nilisema toa, nilisema weka. Fundi ndiye anayejua kitu kina kazi gani. Kuna aliyeniambia, 'Mheshimiwa, hii ina kazi yake'? Hakuna! Waliniambia, 'Sawa, Mheshimiwa.'"

"Mara ya mwisho aliyekubishia," akasema Saumu, "yuko wapi?"

"Alihamishiwa dampo," akajibu Mhando.

"Kwa maslahi ya umma," akasema Mkurugenzi.

Bi Mwantumu akacheka, kicheko kisicho na raha. "Wanangu, mimi nilichapa barua za wakurugenzi saba. Wote walikuwa wanapenda pambo. Lakini hakuna aliyewahi kuniambia ning'oe herufi kwenye mashine. Haya, ndoo zinangoja, na ya pilipili inavuja."

Nanyi mnaosikiliza, msiniambie ndoo ni tatu na watu ni watatu, wagawane. Walijaribu hilo nje ya mlango, wakagombania ile ndogo.

Yupo aliyeamuru bila kujua. Yupo aliyejua akatii. Yupo aliyetii akasahau. Kumekucha, Bi Mwantumu yuko kibarazani, ndoo ziko miguuni.

Je, nani anastahili kuziinua?