Kivuli cha Mayungiyungi

Paukwa!

Pakawa!

Kaeni kitako, anayesinzia asimwegemee mwenzake.

Hapo kale palikuwa na mama mmoja na binti zake wawili, Kibibi na mdogo wake Mwatatu. Nyuma ya nyumba, chini ya mfenesi, mama alipanda mayungiyungi ya msituni. Ng'ambo ya mto lilikaa zimwi. Harufu ya maua yale haliiwezi kabisa. Likiisikia tu, chafya! Linarudi mbio.

Siku moja mama akaenda msibani. "Kibibi, kuni kaokote msituni. Mfenesi usiuguse. Mayungiyungi hayataki jua."

Kibibi akaona msitu mbali. Basi akapanda mfenesi, akakata matawi, kacha! kacha! kacha!

"Dada, mama amekataza!"

"Nyamaza, kidomodomo! Mchicha unapenda jua, maua yasipende?"

Kuni zenyewe mbichi, moshi mtupu. Jua likaingia bustanini. Alasiri mayungiyungi yamelala chini, harufu hakuna.

Zimwi likavuka mto, likamwuliza Kibibi: "Nani kakata kivuli?"

"Si mimi, ni upepo."

Zimwi likavimba, likafika uani. "Nani kakata kivuli?"

"Si mimi, ni upepo."

Likavimba, likapita paa. "Nani kakata kivuli?"

"Si mimi, ni upepo."

"Basi wewe huna kosa. Nitamla huyu." Likammeza Mwatatu, gubu!

Sauti ikatoka tumboni: "Dada, kwani kulikuwa na upepo?"

Kibibi akakosa pa kuweka macho. Akavua kanga ya mabegani, akaitandaza juu ya maua.

"Ni mimi!"

Zimwi likanywea kidogo.

"Ni mimi! Mama alinikataza!"

Likanywea tena.

"Ni mimi! Kwa uvivu wangu!"

Basi, chini ya kanga, yungiyungi moja likainua shingo, likanukia. Chafya! Mwatatu huyo nje, kalowa chapachapa. Zimwi, dogo kama chura, likatokomea mtoni.

Mama aliporudi akautazama mfenesi. "Nani?"

Mwatatu akawahi: "Ni upepo, mama."

Kibibi machozi yakamtoka. "Hapana, mama. Ni mimi."

Mama hakumpiga. Alimwambia tu, "Haya. Kivuli sasa ni wewe, mpaka mfenesi uchipue."

Na kila jua likipanda, Kibibi alisimama pale na kanga yake. Mwatatu alimletea maji.

Hadithi yangu imeishia hapo, nimewaachia wao bustani yao. Nanyi wajukuu zangu, mkikosa, semeni mapema. Msingoje mpaka mwenzenu amezwe.