Mchicha Ulioshika Sumu

Mpo? Kama hampo, nani kaitikia? Basi sikilizeni!

Zimwi mfua vyuma lilimwaga sumu ya madini ya risasi kwenye shamba la Kabula, mke mdogo wa Lushinge. Kabula akapanda mchicha, akauimbia: "Kunywa, shika, usiachie!" Mchicha ukainywa sumu yote, ukanenepa kama bibi harusi, ukingoja kung'olewa na kufukiwa mbali.

Nyamizi, mke mkubwa, akachungulia. Wivu ukampanda. "Shamba la sumu linameremeta, langu linakohoa!" Zamu yake ya kupika ilipofika, akaenda kuiba.

"Bi Mkubwa, niache, nimeshika sumu!" mchicha ukalia.

Akachuma. Ukalia tena. Akachuma. Ukalia mara ya tatu.

"Nyamaza, mwongo! Kabula kakufundisha uchoyo!"

Akaupika kwa karanga, akautenga. Mume akanawa, akasema, "Toa uchawi kwanza, mke wangu." Ndiyo desturi, mpishi huonja kwanza. Nyamizi akalamba kidogo tu, ulimi ukawa mzito kama nyundo, ukaning'inia hadi kidevuni.

Kabula, aliyekuta shamba lake limechumwa, akaingia mbio, akalipiga bakuli teke. "Msile! Mchicha wangu huo, una sumu!"

"Umeniokoa, kipenzi changu!" mume akapiga kelele.

Nyamizi akaushika ulimi kwa mikono miwili, akaunyanyua kwa taabu, ili aulize jambo moja tu:

"Nani kipenzi?"