Mbegu za Nyanya Chungu za Bi Mwantumu

Hapo zamani, si zile zamani za sungura kusema, bali zamani hizi za juzijuzi ambazo mabomba yapo ila maji ndiyo hayatoki, aliishi huko Muheza mama mmoja akiitwa Bi Mwantumu. Alikuwa na wana watatu wa kiume, wote wameoa, na wote wanakaa naye nyumba moja. Mke wa mkubwa aliitwa Siwema, wa pili Havijawa, na wa mdogo Mwajabu. Tena alikuwa na kibuyu kidogo cha mbegu za nyanya chungu.

Msicheke. Nyanya chungu hizo zilikuwa nyeupe pe, na ukiziunga kwa nazi mgeni anasahau kuuliza nyama. Mbegu zake hazikuwa kwa mtu mwingine yeyote. Zamani kina mama watatu wa ukoo wake waligawana, kila mmoja akajua mwenzake atapanda, na mwaka ule hakupanda mtu. Ilibidi Bi Mwantumu, wakati huo bado mwari, atembee siku mbili kwenda kuomba tunda moja kwa shangazi yake. Tangu hapo sheria ya nyumba ikawa hivi: kibuyu hakigawanywi, kinashikwa na mkono mmoja, na hakiguswi bila ruhusa.

Sasa magoti ya Bi Mwantumu yalikuwa yamegoma. Kuinama hawezi tena, na mwaka uliopita uani kulitoka matunda matatu tu, madogo kama gololi. Mbegu zilizobaki hazikujaa hata kiganja. Zisipozaa mwaka huu, basi zimekwisha duniani. Akawaita wakwe zake, akasema, "Wanangu, atakayelifanya tuta langu lizae, kibuyu hiki ni chake."

Na tuta kwa nini lilikuwa halizai? Uani kule kulikuwa na mteremko, na matuta yote yalipangwa kuanzia mlango wa jikoni kushuka moja kwa moja mpaka uani kwa jirani, Mzee Kingalu. Mama mkwe wa Bi Mwantumu ndiye aliyeyapanga hivyo, ili mpishi akisimama mlangoni azione mboga zake zote kwa mpigo. Kweli alikuwa anaziona. Ila kila masika mvua nayo ilikuwa inauona udongo, inauchukua, inashuka nao kwa Mzee Kingalu, na migomba ya mzee inanenepa. Miaka thelathini watu wa nyumba ile walilaumu mbegu.

Siwema, ambaye mumewe ni fundi mwashi, aliliona hilo. Akamwambia mama mkwe, "Mama, haya matuta tuyalaze, yakinge mteremko." Bi Mwantumu akaja juu. "Matuta ya marehemu mama? Yasiguswe!" Lakini Bi Mwantumu alipokwenda msibani Korogwe siku tatu, Siwema alichukua mpira wa maji wa mumewe wa kupimia usawa, akapiga vigingi, akavuta kamba, akayavunja matuta ya marehemu yote. Akachimba mapya ya kulala, upana wa kufikia katikati kwa mkono bila kukanyaga, na chini ya kila tuta akapanga mawe. Bi Mwantumu aliporudi alilia, akakataa chakula siku nzima. Mvua ikapiga usiku na mchana, na udongo haukuondoka hata chembe.

Ila udongo wenyewe ulikuwa mwekundu, mgumu, wa kufyatulia tofali. Hapo akaingia Havijawa. Huyu haya hakuzaliwa nayo. Akapiga hodi kwa jirani. "Shikamoo Mzee Kingalu. Nimefuata udongo wetu."

"Marahaba, binti. Udongo wenu?"

"Ule unaoshuka huku kila masika."

Mzee akacheka mpaka kofia ikamdondoka. "Mimi najisifu kwa migomba, kumbe ni yenu! Chota, mwanangu, ila miguu ya migomba niachie."

Havijawa akabeba karai arobaini kichwani, kupitia tundu la ua. Na kwa kuwa hafanyi jambo nusu, akaongeza magunia mawili ya samadi ya kuku, ikiwa bado mbichi inafuka moshi. Siwema akamwambia, "Subiri ipoe." Akajibu, "Mama ana haraka."

Bi Mwantumu akamwaga mbegu zote zilizomo kibuyuni, mwenyewe, kwa mkono wake. Zikaota vizuri. Siku ya nne tangu ziote zikawa njano, siku ya sita zikalala, siku ya saba hakuna kitu. Samadi ilikuwa imeziunguza zote. Bi Mwantumu alikitikisa kibuyu, kimya. Alikaa chini kwenye kizingiti akahisi amemfukia shangazi yake mara ya pili.

Sasa Mwajabu. Mwajabu hakushika jembe wala karai. Wenzake wakichimba, yeye anasuka nywele. Siku ile akatoka nyuma ya bafu, kabeba kiunoni sufuria bovu lililotoboka. Ndani yake kulikuwa na miche saba, kijani, imesimama.

"Umeipata wapi?" Bi Mwantumu akauliza.

"Nisamehe, Mama. Kabla hujapanda nilichukua mbegu kidogo kibuyuni. Nilitaka na mimi niwe na changu."

"Bila kuniambia?"

"Ungenikatalia."

Angemkatalia kweli. Bi Mwantumu hakujua ampige au ambusu, na kwa kuwa magoti hayakumruhusu lolote, akamshika mkono tu. Wakangoja samadi ipoe, wakaihamisha ile miche saba kwenye tuta la Siwema, kwenye udongo wa Havijawa. Jamani, ilizaa! Matawi yakaegemezwa fito, majirani wakagawiwa, Mzee Kingalu akaletewa bakuli lake. Mbegu zilizokaushwa zikajaa kibuyu mpaka shingoni.

Ikafika siku ya kukitoa. Bi Mwantumu akakaa mkekani, kibuyu mapajani, wakwe zake mbele yake.

Siwema akasema, "Mama, bila mimi udongo wote ungekuwa kwa jirani. Nilikuvunjia amri, ni kweli, lakini ningekutii hapa pangekuwa makorongo."

Havijawa akasema, "Tuta la dada lilikuwa zuri la kutazama. Kuzaa lisingezaa. Niliunguza mbegu, sikatai, lakini samadi ileile ndiyo iliyonenepesha haya mnayokula."

Mwajabu akasema, "Mimi sikuchimba wala sikubeba. Ila mbegu zote zilizopandwa kwa ruhusa zilikufa. Zilizomo humo ni watoto wa zangu."

"Zako? Ulizoiba!" Siwema akamaka.

"Nisingeiba, leo mngekuwa mnagombania kibuyu kitupu."

Bi Mwantumu akawatazama mmoja mmoja. Huyu alimliza, na huyu alimliza, na huyu angemliza kama angemkamata mapema. Aliwapenda wote watatu, na alijua akimpa mmoja, jikoni kesho wawili watapika wamenuna. Kuwagawia hawezi, kukaa nacho hawezi. Akakiinua kibuyu kwa mikono miwili, akakinyoosha mbele. Mikono sita ikanyooka kukipokea.

Haya, nyie mliokula nyanya chungu za watu mkalamba na vidole: mvunja amri, mwunguza mbegu na mwizi, yupi kati yao alistahili kibuyu?