Muhuri wa Bwana Kitsao

Hapo juzi juzi, wala si zamani, dereva wa lori aitwaye Mbeyu aliingia yadi ya malori huko nyikani, macho mazito kwa safari ya tangu jana. Msimamizi wa yadi, Bwana Kitsao, akampigia muhuri kitabu cha safari: alale masaa manane kabla ya kushika tena usukani. Mbeyu akarudi garini, akawasha kiyoyozi, akajinyoosha.

“Zima injini!” Kitsao alifoka kupitia dirisha la ofisi yake yenye ubaridi. “Soma karatasi hiyo ukutani! Gari lililosimama halingurumi hapa.”

“Nizime hapa hapa lilipo, mkubwa?”

“Hapa hapa! Sasa hivi!”

Mbeyu akatazama kioo cha pembeni, akazima.

Adhuhuri Kitsao alitoka mbio na suti mpya, awahi posa ya bintiye. Lori lilikuwa limeliziba gari lake.

“Sogeza!”

“Bila injini, mkubwa?”

“Iwashe!”

“Nikishika usukani kabla ya masaa manane ya usingizi, atakayeulizwa ni aliyepiga muhuri.”

“Si umelala tangu asubuhi?”

“Ndani ya tanuri hili? Hata lepe la usingizi sijalipata.”

“Basi lala upesi!”

“Wapi?” aliuliza Mbeyu kwa upole, akikitazama kiyoyozi cha ofisi.

Siku hiyo posa ilipokelewa na mjomba. Mbeyu alikuwa ofisini, amejifunika leso kwa baridi, na Bwana Kitsao alikuwa ndani ya gari lake, injini kimya, akijipepea kwa ile karatasi ya ukutani.