Viazi vya Ijumaa Nyumbani kwa Jadwiga

"Mkaanga viazi hushiba moshi." Mmeisikia leo mkacheka, na sasa mnataka kujua imetoka wapi. Haya, tulieni, chanzo chake ni hiki.

Wakimbizi wa Kipolandi walioletwa Tengeru, kule Arusha, wakati wa Vita Kuu ya Pili walipoondoka, msichana mmoja alibaki. Jina lake Jadwiga, yatima, akaolewa na Anaeli, seremala wa Kimeru. Kila Ijumaa, siku ambayo kwa desturi ya kwao Polandi hawali nyama, aliwapikia watoto chakula cha kwao. Alikwaruza viazi vibichi mpaka vidole vikachubuka, akachanganya na kitunguu, yai na unga kidogo, akakaanga vipande vyembamba kama chapati ndogo, vya kula na maziwa mgando. Ni chakula cha maskini, lakini kina sharti lake: kiliwe kikitoka jikoni. Kikipoa, kinakuwa kama soli ya kiatu.

Basi wote wako mezani, yeye kasimama jikoni. Akiepua viwili, vinakwenda. "Mama, vingine." Wakija kushiba, bakuli tupu, na mpishi anakunywa chai kavu. Na huyo Anaeli, mtu mzima na ndevu zake, hakuwahi kuuliza. Yaani hata kusimulia kunanikera.

Kilichomuuma Jadwiga si njaa. Mama yake alifia safarini, yeye akiwa na miaka sita. Kila alipojaribu kumkumbuka, alichoona ni mgongo tu, umeinama juu ya kikaango. Uso haukuja, na aliogopa kuwaachia wanawe mgongo vilevile.

Ijumaa moja mama mkwe wake, Bibi Ndeanasia, alikuja kula. Akawauliza wajukuu, "Mbona mama yenu haji kukaa?"

Kitinda mimba, Elinami, akajibu mdomo umejaa, "Mama havipendi, bibi. Hajawahi kula."

Jadwiga akaepua kikaango, akaja mezani. "Sivipendi? Miaka tisa nasimama pale, leo naambiwa sivipendi. Anaeli, inuka."

"Niende wapi?"

"Ukakaange."

"Mke wangu, mimi kukaanga sijui."

"Na kuchonga viti ulizaliwa unajua? Nenda kajifunze."

Anaeli akamgeukia mama yake, akidhani ataokolewa.

"Usinitazame mimi," Bibi Ndeanasia akasema. "Mkaanga viazi hushiba moshi. Nenda nawe ukashibe kidogo."

Akaenda. Jadwiga akakaa kwenye kiti cha mumewe, akawaelekea watoto. Kipande kikaja kimeungua upande mmoja, katikati kibichi. Akakila chote, taratibu. Elinami alimkodolea macho hata akasahau sahani yake.

"Mama," akasema, "kumbe ukitafuna kinatokea kishimo shavuni."

Jadwiga akajigusa shavu. Kisha akaita kuelekea jikoni, "Anaeli, lete kingine."

Basi, mtu aliyewapikia akiwaambia ameshiba, msiwe wepesi wa kumwamini. Mkaanga viazi hushiba moshi.