Ritani ya Mwisho ya Ntandu na Mughenyi

Mtu mmoja wa Singida, jina lake Ntandu, alikuwa na mashine ya kukamua alizeti kwa ubia na shemeji yake, Mughenyi. Wakagombana. Sababu naijua, ila leo siisemi.

Waligawana mbele ya majirani. Ntandu akachukua mashine, Mughenyi akachukua mota ya kuiendesha, hata pasiwe na wa kukamua. Mashudu, yale makapi ya alizeti, waligawana kwa kopo, macho yangu yakiona. Bango likashushwa. Lakini ofisi ya kodi hakwenda mtu kupeleka ritani ya mwisho, ile fomu ya hesabu za kodi, na kusema ubia umekwisha. Maana kwao ni kama ndoa: anayetangulia kupeleka habari ndiye aliyevunja. Basi kila mmoja akamngoja mwenzake. Wakangojana misimu miwili.

Msimu wa tatu Ntandu alipata mota nyingine, akaenda kuomba kuanza kazi kwa jina lake. Karani wa kodi akamwambia, "Baba, ubia wenu huku bado mzima. Leteni ritani ya mwisho, mmesaini wote wawili."

"Lakini hatujafanya kazi yoyote!"

"Basi njooni mseme hivyo."

Alizeti ilikuwa imeshavunwa. Wakulima walipita na magunia mlangoni pake, wakienda kwa mwingine. Ntandu akawa hakaliki. Anaketi, anasimama. Anashika njia ya kwa shemeji yake, anafika kisimani, anageuka. Sisi wanawake wa kisimani tukamwuliza kama amepotelewa na mbuzi.

Siku ya nne akakipita kisima. Mughenyi alikuwa barazani. Aliiona fomu, asinyooshe mkono.

"Kwanza sema, shemeji. Nani alianza?"

Kwa haki, hakuwa Ntandu. Hilo nalo nalijua. Akasema, "Andika ni mimi."

Mughenyi akashika kalamu, akatafuta pa kuandika. Akageuza mbele, akageuza nyuma. Majina yalikuwa na mahali pake. Tarehe ya kwisha kwa ubia ilikuwa na mahali pake. Nani alianza, halikuulizwa popote. Akasaini, uso ameuinamisha.

Nawe uliyenuna na nduguyo, unayengoja atangulie yeye: siku ukiitwa kufunga hesabu yako, ni nani aliyekuambia utaulizwa makosa ya mwenzio?