Siku Kiboko Alipotoa Hoja Arobaini

Hapo zamani za kale, wakati Kiboko bado anaamini kwamba anajua kuhutubia, ukame uliingia katika nchi ya wanyama. Visima vikakauka vyote. Likabaki bwawa moja tu, na humo bwawani Kiboko alikuwa amejenga nyumba, akaweka mke na viti.

Siku moja akatangaza, "Kuanzia leo, wenye miili midogo ni marufuku kuchota hapa!"

Wadogo wakanywea. Lakini Bi Kidawa, pimbi mjane mwenye watoto watano na mtungi mmoja, akaja juu. "Thubutu! Wanangu wafe kwa kiu na maji nayaona? Twende barazani!"

Sasa sikilizeni vizuri, maana nchi ile ilikuwa na desturi yake. Hakukuwa na karatasi wala karani. Kesi ilisemwa asubuhi, watu wakaenda kula, halafu alasiri mwamuzi, Bibi Twiga, akawauliza wasikilizaji: fulani alisema nini? Aliyekumbukwa ndiye aliyeshinda. Maneno yaliyosahaulika yalihesabiwa kama hayakusemwa kabisa.

Alianza Kiboko, koti limembana. "Ehem! Mheshimiwa mwamuzi, waheshimiwa wenye pembe, waheshimiwa wenye kwato, waheshimiwa wenye mabawa, na wengine wote kwa vyeo vyenu, itifaki imezingatiwa..."

Ilizingatiwa mpaka jua likapanda.

"Nina hoja arobaini. Hoja ya kwanza..."

Alisema huku akitazama tumbo lake, hakumtazama mtu. Alipofika hoja ya kumi na moja, Ngiri alikuwa anakoroma, khoo, khoo! Msicheke, watoto. Watu wa namna hiyo mnawajua.

Alipomaliza, Bi Kidawa akasimama juu ya jiwe.

"Kaa chini, kidudu wewe!" Kiboko akanguruma. "Hata sauti huna!"

"Sikai! Ulipotupimia miili yetu nilikaa. Uliponivunjia kata yangu ya kuchotea maji nilikaa. Leo nasimama, na ukitaka kunikalisha, njoo unikalishe mbele ya watu!"

Kiboko hakwenda. Bi Kidawa akainua mtungi wake, akaupindua juu chini. Watu wote wakatazama.

Ti! Likadondoka tone moja.

"Hicho ndicho kinywaji cha watoto watano leo," akasema. Akamtazama kila mmoja usoni. "Wewe Ngiri, una wangapi nyumbani?"

"Wa-wanane," Ngiri akajibu, usingizi umemruka.

"Basi nisaidieni. Nikiuliza 'Bwawa la nani?' pigeni miguu mara mbili, kisha mseme, 'La wenye kiu!' Haya! Bwawa la nani?"

Ndu! Ndu! "La wenye kiu!"

"Mchezo wa kitoto huu!" Kiboko akafoka.

"Aa, mwacheni Bwana Kiboko," Bi Kidawa akasema kwa upole. "Miguu yake mizito, hawezi kufuata mwendo."

"Nani hawezi? Mimi?"

"Bwawa la nani?"

NDU! NDU! "LA WENYE KIU!" Kiboko akaunguruma kuliko wote, vumbi likatimka. Akarudia mara saba, mpaka jasho likamtoka, akawatazama watu kwa majivuno. Bi Kidawa akashuka jiweni.

Watu wakaenda kula. Alasiri wakarudi, na Bibi Twiga akainamisha shingo. "Bwana Kiboko alisema nini?"

Watu wakakuna vichwa.

"Alisema 'kwanza'," Tumbiri akajaribu.

"Kwanza nini?"

"Kwanza... halafu akasema 'kumi na moja'."

"Mimi niliamka kwenye thelathini, nikalala tena," akasema Ngiri.

Bibi Twiga akaguna. "Desturi inamruhusu mwenyewe kujikumbusha. Bwana Kiboko, sema. Bwawa lako ulilieleza vipi?"

Kiboko akasimama. Akakohoa. Akazitafuta hoja zake arobaini, hakuona hata moja. "Mimi nilisema hivi... bwawa... bwawa hili..."

"Bwawa la nani?" Bi Kidawa akauliza taratibu.

Miguu ya Kiboko ikaruka yenyewe. NDU! NDU! "LA WENYE KIU!"

Lo! Akajiziba mdomo kwa mikono miwili, lakini neno lilikwisha toka. Baraza lote likalipuka. Tumbiri alicheka mpaka akaanguka.

"Tumesikia kwa kinywa chako," akasema Bibi Twiga. "Bwawa liko wazi kwa wote."

Bi Kidawa hakungoja pongezi. Aliwashika wanawe, akajitwika mtungi, akaenda moja kwa moja bwawani, mpaka mlangoni kwa Kiboko, ambaye alikuwa amekwisha kimbilia huko kwa aibu.

"Pisha, Bwana," akasema. Kiboko akapisha.

Nanyi, wanangu, mkisimama kusema mbele za watu, semeni machache na muwape watu nafasi ya kuyasema pamoja nanyi.